Ukingo wa Jicho la Zuhura

Kwa binti yangu Zuhura,

Sikuulizi hali, kwa kuwa hali yako naijua na wewe uko upande wa pili wa ukuta huu, umelala na kitambaa cha maji baridi juu ya jicho la kushoto. Mama yako amekwenda kuaga majirani. Nimekaa mlangoni penye mwanga, nimeweka ubao juu ya magoti, naandika. Ningeweza kuyasema haya kwa mdomo, na tangu juzi nimejaribu. Kila nikikaribia unaniambia "Shikamoo, baba," kwa ile sauti yako ya heshima, nami naitikia marahaba na maneno yote yananiishia. Mtu akinitukana najua la kumjibu. Heshima yako sina jibu lake.

Herufi nimeziandika kubwa na nukta nimezikoza, ili ukiisogeza karatasi karibu na jicho la kulia uzione. Kama hutaziona, shangazi yako kule Tanga atakusomea. Sina la kumficha dada yangu, alinijua tangu nikiwa mjinga mdogo.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameyarudia mpaka kuku wa hapa nyumbani wanayajua: Kaburu mwenye gari la maksai atawapitisheni Kimandolu, mjomba wako atangoja njiani karibu na Akheri na mkungu wa ndizi, mkifika Moshi mtapanda gari moshi, na usikae upande wa dirisha kwa ajili ya vumbi. Hayo yamekwisha. Mimi nataka kukuandikia habari za kosa langu, kisha habari za ule ukingo ambao kila asubuhi nakuweka juani kuutazama. Umeniuliza mara nyingi ninatazama nini. Nimekuwa nikikujibu juu juu, na leo nataka ulijue lote.

Unajua nilikuja Arusha na Wajerumani. Sikuja na bunduki, nilikuja na mwiko wa mwashi na ungo wa kuchungia chokaa. Walitaka kuta nyeupe, na hapa hakuna matumbawe kama yale tuliyokuwa tukichoma kwetu Pangani. Ikabidi tushuke nyikani kutafuta mawe meupe, tuyachome huko huko kwenye tanuu, na Wameru na Waarusha wakalazimishwa kuyapandisha kwa vichwa vyao. Si mimi niliyewalazimisha. Lakini pia hakuna hata mzigo mmoja walioniletea nikasema siupokei.

Jiwe la chokaa likishachomwa huwa jepesi, ukilishika unaona halina neno. Ukilimwagia maji linaamka. Linafuka moshi, linachemka, linapasuka, mwisho linakuwa unga. Fundi aliyenifundisha kazi alianza na onyo moja kabla hajanipa hata koleo: chokaa mbichi ikikurukia, usikimbilie maji. Ifute kavu, kisha jipake mafuta. Maji yataiamsha ikiwa juu ya ngozi yako. Na kweli, nimeona watu wakiungua kwapani na shingoni, palipokuwa na jasho, na palipo pakavu wakabaki salama. Basi nikaamini. Ubaya wa onyo lile ni kwamba halikuwa uongo wote. Lingekuwa uongo mtupu ningeligundua nikiwa bado kijana.

Sasa sikiliza kisa cha mjomba wako, maana umekisikia kwa mama yako, hujakisikia kwangu.

Siku moja mfuko wa ngozi ulipasuka juu ya kichwa cha kijana mmoja wa Akheri na chokaa ikamwingia machoni. Alitupa mzigo akakimbia mpaka mto Themi, akajitumbukiza kifudifudi, akafumbua macho ndani ya maji yale ya baridi yanayotoka mlimani. Msimamizi alimfuata na kiboko. Akampiga mgongoni, naye hakutoka. Akivuta pumzi anarudisha uso majini. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mto na wenzangu wa pwani. Nikasema, "Basi, huyu amekwisha. Amejichemsha macho mwenyewe." Wakacheka, nami nikacheka.

Yule kijana alirudi kazini anaona, na mpaka leo anaona. Wewe mwenyewe umekaa naye shambani akikuonyesha ndege juu ya mti ambao mimi siwaoni. Je, nilijifunza? Nilisema chokaa ya mfuko ule ilikuwa imeshapigwa na umande, imelala. Nilisema watu wa mlimani wana macho magumu. Nilitafuta kila sababu nikaipata, isipokuwa maji. Ningekubali kwamba maji ndiyo yaliyomponya, ningekuwa nimekubali kwamba mbeba mzigo aliyetimuliwa na kiboko ameijua chokaa kuliko fundi wa Pangani. Hilo halikunipitia kooni.

Baadaye nikamwoa dada yake. Usiku wa kwanza wa maisha yetu pamoja mama yako alinisimulia kisa kile kana kwamba sikuwepo. Alisema, "Kaka yangu aliokolewa na mto." Nikamwambia, "Mto hauokoi mtu na chokaa, mke wangu. Kazi hiyo ni yangu, naijua." Akanyamaza. Mama yako akinyamaza watu hudhani amekubali. Mimi nimeishi naye miaka yote hii nikidhani hivyo.

Siku yenyewe unaikumbuka, lakini ulikuwa umefumba macho, na kuna vitu hukuviona.

Nilitaka nyumba iwe nyeupe kuliko zote za mtaa huu siku ya harusi yako. Sikutaka chokaa ya dukani kwa Mhindi, iliyokaa maguniani mpaka imechoka. Nilichoma yangu, nikachimba shimo uani, nikaanza kuimwagia maji. Wewe ulitoka jikoni na bakuli la uji wangu. Ungeliweka kizingitini ukarudi ndani, kama siku zote. Ni mimi niliyekuita. Nilisema, "Njoo uone inavyochemka. Hiyo ndiyo harusi yako." Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Ukainama kutazama, na bonge moja likapasuka.

Ulisema, "Maji, baba." Ulisema mara moja tu, na hukupiga kelele.

Mama yako alikuwa ameshafika na mtungi. Sijui alitokea wapi. Alisema, "Baba Zuhura, niachie nimwoshe." Nikamshika mkono. Nikamwambia maji yataiamsha. Akasema, "Kaka yangu alioshwa na mto." Nikasema, "Kaka yako hakuingiwa na chokaa ya maana." Tukavutana. Mtungi ukainama, maji yakamwagika chini kati yetu, na chini palikuwa na vipande vya chokaa mbichi. Vikafuka moshi, vikalia. Nikamwonyesha kwa kidole nikamwambia, "Unaona?"

Nilikuwa na ushahidi, Zuhura. Ulikuwa unafuka pale miguuni petu. Ninapokosa usingizi silioni bonge lile likipasuka, naona moshi ule, na kidole changu. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi yaliletwa mpaka mkononi, nikayamwaga mwenyewe, kisha nikayatumia kujisifu.

Halafu nikakushika kichwa, nikachovya kitambaa kwenye samli, nikakufuta. Ulikuwa umekaza kope na mimi nikakuambia ukaze zaidi. Wewe ukakaza. Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulisikia la mkuu.

Tulipokufikisha kwa bwana daktari wa boma jua lilikuwa limeshapinduka. Aliyaosha macho yako kwa maji mengi kuliko niliyowahi kuona mtu akiogeshwa. Alipindua kope la juu akatoa punje za chokaa moja moja kwa kijiti chenye pamba. Zilikuwa zimejificha humo na samli yangu ikiwa imezifunika vizuri. Aliniuliza nani alikuosha. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza yale ya kuamka kwa chokaa, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anifokee. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia kwa askari, "Maji mengi huondoa. Maji kidogo huamsha. Wewe unajua kidogo." Sidhani alikuwa anasema habari za maji peke yake, lakini huenda namsingizia.

Sasa ule ukingo.

Siku za kwanza nilidhani daktari anatazama mboni. Kila mara alikuwa anapita na kile kioo chake cha kukuzia pembeni, akizunguka. Siku moja nikathubutu kumwuliza, akanivuta kwa bega, akaniambia nitazame mwenyewe.

Anzia na jicho langu, au la mtu yeyote mzima. Juu ya weusi wa jicho kuna kifuniko kinachoangaza, unaona ndani yake dirisha na mtu aliyesimama mbele yako. Tuseme ni kioo. Kioo hicho hakina damu hata tone, na ndiyo maana kinapitisha mwanga. Weupe wa jicho una mishipa yake myekundu. Kati ya weupe na kioo kuna ukingo. Sisi tunauona kama mstari tu, lakini si mstari. Ni kanda nyembamba inayozunguka, juu na chini ni pana kidogo na kope linaifunika, pembeni ni nyembamba zaidi. Kwetu sisi watu weusi ina rangi ya kahawia iliyofifia. Kwa kile kioo cha kukuzia cha daktari niliona vijistari vidogo vimesimama hapo kwa safu, kama vijiti vya ua.

Akanieleza kazi yake kidogo kidogo. Mishipa ya damu inakuja mpaka ukingoni, inajikunja, inarudi ilikotoka. Haivuki. Kioo kinapata chakula chake kutoka hapo. Kioo kikikwaruzwa, hata na ganda la ulezi, ngozi mpya inatambaa kutoka ukingoni mpaka inafunika jeraha, na mtu akiamka anaona tena, wala hajui kilichopita. Ukingo ukiwa mzima, hata kioo kikiungua kuna tumaini. Ukingo ukifa, kioo kinakaa bila mwenyewe. Ule weupe wenye mishipa unavuka na kutanda juu yake, nyama inaota mahali palipotakiwa kupita mwanga.

Basi daktari alikuwa anasoma hicho. Nilidhani wekundu ni ubaya na weupe ni nafuu. Kumbe ni kinyume. Ukingo uliowaka wekundu baada ya kuungua bado una damu, bado unapigana. Ukingo mweupe, mweupe wa bakuli la kauri, umekufa. Jicho lako la kushoto lilikuwa jeupe kuzunguka kote, safi kabisa. Siku ile ya kwanza mimi nilikuwa nimeliona na kumwambia mama yako, "Angalia, hili la kushoto halijawa jekundu, limesalimika."

Ndani ya ukingo huo huo, akasema, kuna mfereji. Jicho lina maji yake yanayotengenezwa ndani, na kazi ya mfereji ni kuyatoa. Hilo nililielewa upesi. Ukiwa mkwe wa watu wa Akheri huwezi kutoujua mfereji. Mjomba wako amewahi kugombana na jirani mpaka kwa mshili, mzee wa ukoo wao, kwa sababu ya tope lililoziba zamu yake ya maji. Mfereji wa jicho lako la kushoto umeungua ukaziba. Maji yanaingia, hayatoki, jicho limekuwa gumu kama jiwe, na hayo ndiyo maumivu yanayokufanya utafune shuka. Ndiyo maana wanataka kulitoa huko Tanga. Ulikuwepo aliposema. Uliuliza kama wakilitoa maumivu yatakwisha, akasema ndiyo, ukasema, "Basi walitoe," kama mtu anayezungumzia jino. Mama yako alitoka nje. Mimi nilibaki nikitazama sakafu, ambayo niliijenga mimi.

Alisema pia kwamba unaweza kupata jicho la kioo lenye rangi yako. Ukitaka, livae. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini watu wataacha kukukodolea macho sokoni, na hilo nalo si dogo.

Hilo la kulia ndilo linaloninyima chakula. Lilirukiwa na kidogo. Ukingo wake ulikufa juu na upande wa sikio, ukabaki hai chini, upande wa pua. Kipande hicho ndicho kinacholisha kioo chote. Kupitia hicho umeweza kuona uso wa mama yako, moto wa jikoni, mlima asubuhi ukiwa hauna wingu. Nilimwuliza daktari kama kuna dawa ya kuotesha ukingo mahali ulipokufa. Mimi ni mtu wa mawe, akili yangu ilikuwa kwenye viraka: chukua hapa, bandika pale. Nikamwambia achukue wangu. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona amenionea huruma. Akasema hakuna mtu anayejua kufanya hivyo. Nikamwuliza, hata Ulaya? Akasema, hata Ulaya.

Mchumba wako alikuja mara mbili, unakumbuka, akakaa pale barazani akizungumzia bei ya ng'ombe. Mara ya tatu alikuja mama yake peke yake. Sikumlaumu yule kijana, nililaumu nyumba. Ukuta wa mbele umebaki hivyo hivyo, nusu mweupe, nusu udongo, na watu wa mtaa wanaofanya heshima hupita wakitazama upande mwingine. Fundi wangu wa pili alisema atakuja kuumalizia. Nikamwambia akija nitamvunja mkono. Alidhani natania.

Sijui baba wengine huwaandikia nini watoto wao wakiondoka. Labda huwaambia wawe wavumilivu. Wewe uvumilivu unao mpaka umekudhuru, na ni mimi niliyekulea hivyo. Nilifurahi sana nilipoona binti yangu haombi kitu mara mbili. Nilikusifia mbele ya wageni: huyu akiambiwa hapana, yamekwisha. Ulipokuwa mdogo ulitaka kwenda na mjomba wako kulala Akheri wakati wa mavuno ya ulezi, nikakataa, ukageuka ukaenda kulala bila neno. Nilijivunia. Laiti ningekuacha ulie, ukang'ang'ania miguu yangu mpaka nikakubali kwa uchovu. Basi huko uendako, ukihitaji maji, itisha. Wasipokupa, itisha tena. Mpigie kelele dada yangu, wapigie kelele madaktari, na kama utapata watoto, usiwafunze adabu hii niliyokufunza.

Na usije ukadhani nimegeuka mtu wa kudharau ujuzi. Bila ujuzi wa yule daktari ungekuwa umeshapoteza yote mawili. Ninachokijua sasa ni kidogo sana. Siku utakapokuwa na hakika kabisa, hakika ya kushika mtu mkono, na mtu huyo hajui kazi yako ila amekuja mbio na mtungi, mwulize ameona wapi. Swali hilo tu. Mama yako angenijibu, "Nimeona kwa kaka yangu," na mimi nilikuwepo mtoni, nilikuwa shahidi wake. Ningekosa pa kukimbilia. Sikumwuliza kwa sababu nilijua atanijibu nini.

Hajanilaumu, mama yako. Watu wa kwao hawasemi haraka. Ananiwekea chakula, ananiitikia, na tangu siku ile hajanitazama usoni. Wewe ulifanya lililo gumu zaidi, ulinitazama kwa lile jicho lako moja na kusema, "Baba, ilikuwa bahati mbaya." Usiniambie tena hivyo. Bahati mbaya ni ule mpasuko wa bonge. Yaliyofuata yana mwenyewe.

Juzi uliniambia, "Baba, mimi huko nitakaa." Nilijifanya nimesikia kwamba utakaa mpaka upone. Nilikuelewa. Na sikukatazi, ningekukataza kwa mdomo gani? Nilitaka tu kukuomba kwamba kama lile la kulia nalo litazima, usione aibu kurudi hapa. Najua kila pembe ya nyumba hii, ningekushika mkono. Kisha nikafikiri: nani atataka kushikwa na mkono ule. Nimeandika ombi hilo, nimelifuta, nimeliandika tena. Lifanye utakavyo.

Bado kuna moja, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Leo asubuhi nilikuweka juani kama kawaida, nikakufunua kope la chini, nikatazama. Uliuliza, "Vipi, baba?" Nikasema, "Iko vile vile." Ukatabasamu, ukaenda kumwambia mama yako.

Haiko vile vile, Zuhura. Ile rangi ya kahawia iliyobaki chini, upande wa pua, imepungua. Mishipa kutoka upande uliokufa imevuka, imefika karibu na mboni, na pale penyewe palipokuwa hai pameanza kuwa peupe. Nilitazama mara ya pili nikidhani ni jua. Si jua. Nimeutazama ukingo huo kila siku tangu mvua zilizopita, naujua kuliko nijuavyo kuta zangu zote. Daktari hakutaka kutaja muda ulipomwuliza, nami sitautaja. Lakini usingoje mpaka Tanga ndipo uambiwe na mgeni. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umetabasamu kabla sijajibu. Sina ushauri wa kukupa juu ya hilo. Nimeutafuta tangu asubuhi, na la kuvunda halina ubani. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kulichagulia jicho lako la kutazama katika siku zilizobaki, chagua wewe. Usinichague mimi.

Mama yako amerudi sasa hivi. Nimeacha kuandika nikamsaidia kuweka mizigo karibu na mlango, ili Kaburu akija alfajiri asipige kelele. Mlikuwa mmeniambia mama yako atakaa nawe mpaka kidonda kifunge, halafu atarudi. Nikainua kapu lake, likanishinda. Nikasogeza kanga kidogo. Chini yake kuna jiwe lake la kusagia, lile alilokuja nalo kutoka kwao Akheri siku nilipomwoa. Mtu haendi na jiwe la kusagia hospitali. Alikuwa amesimama nyuma yangu, akaona kwamba nimeliona. Nami sikumwuliza. Kamba aliyolifungia ilikuwa imelegea. Nikaifungua, nikalizungushia majani makavu ya mgomba pande zote, nikalifunga upya kwa nguvu, lisije likavunja vyombo vyenu njiani.

Baba yako,
Athumani